Siku Ninazoitwa Lukmani

Kibondo Mjini,
Jumapili, 6 Julai 2025.

Kaka yangu mpendwa Lukmani,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Yasmini na wanao wote, na kwamba lile bega linalokusumbua wakati wa baridi ya Tunduma limetulia. Sisi huku tu wazima. Adija anakusalimu sana. Mgahawa wake unakwenda vizuri na mwezi uliopita ameongeza meza mbili. Mimi bado niko na ufundi wangu wa baiskeli na pikipiki pale karibu na soko. Mahindi tumeshayatoa shambani. Baba naye hajambo, na habari zake ndizo zilizonikalisha kitako kukuandikia.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kaka, nimekupigia mara tatu mwezi uliopita kwa nia ya kukueleza jambo moja, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza bei ya mchele. Kuna maneno ambayo mdomo wangu unayakimbia. Nimeona nijaribu kwa kalamu. Naomba uisome ukiwa umetulia, na uisome yote.

Nilikwambia mwaka jana mwezi wa tatu kwamba nimempeleka baba kwenye makazi ya wazee ya masista, kule Kasulu. Ulijibu neno moja tu, sawa, na sikukulaumu. Tangu lile banda la mizinga liungue mwaka 1991 wewe na baba hamjakaa pamoja, na hata kwenye maziko ya mama mlisimama mmoja upande huu wa kaburi na mwingine upande ule. Lakini sikukueleza ilikuwaje hadi nikampeleka.

Baada ya mama kufariki, kumbukumbu za baba zilianza kumtoka kidogo kidogo. Mwanzo alikuwa akiweka viatu ndani ya mtungi. Kisha akaanza kutembea. Alfajiri anatoka nyumbani Murungu na panga na kamba begani, mtu wa miaka themanini na moja, anakwenda porini kutafuta mizinga iliyooza zamani. Mara mbili watu walimrudisha kwa bodaboda. Mara ya tatu alipatikana siku ya pili, kando ya kijito, midomo imepasuka kwa kiu. Nikamleta kwangu mjini. Adija alifunga mgahawa ili amwangalie, nami nikaweka kufuli getini. Asubuhi moja nilimkuta amesimama ameshika lile kufuli kwa mikono miwili, analia bila sauti. Siku hiyo nilikubali ushauri ambao daktari alikuwa ameshatupa muda mrefu. Msikitini mzee mmoja aliniambia kwamba sisi Waha hatugawi wazazi wetu. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo nilitoka kwa mlango wa nyuma.

Miezi minne ya kwanza nilikuwa mgeni mbaya sana kwa baba. Nilikuwa napanda basi la asubuhi kila Jumamosi, na tangu lami ifike safari si ndefu tena. Nikifika, nakaa mbele yake kwenye benchi na bahasha ya picha. Namuuliza huyu ni nani, na huyu je, na mimi ni nani, na jana ulikula nini. Alikuwa akiniangalia kama mtu aliyesimamishwa na askari barabarani akiwa hana leseni. Siku moja aliitupa picha ya mama chini, akaniambia kama nimekuja kwa ajili ya kodi niende kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilirudi Kibondo kabla ya adhuhuri nikamwambia Adija kwamba haina maana kumtembelea mtu ambaye hajui kama umefika. Jumamosi mbili zilizofuata sikwenda.

Niliporudi, alinisubiri mhudumu mmoja anayeitwa Maximilla. Ni mama wa makamo. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye mwenyewe amezaliwa huku huku, na Kirundi chake na Kiha cha baba vinaelewana bila shida. Alikuwa anakamua dekio. Aliniambia bila kuniangalia, "Baba Saady ni mtu mzuri sana kuanzia Jumapili mpaka Ijumaa. Jumamosi ndiyo anakuwa mkali. Nikajiuliza, Jumamosi kuna nini? Nikaona kuna wewe."

Niliona aibu, kaka, lakini nilicheka. Naye akacheka, akaweka dekio pembeni, akanikalisha chini kama mwanafunzi. Alisema mimi namfanyia baba mtihani, tena mtihani wa somo ambalo limeshafutika. Aliyesahau majina unamuuliza majina ya nini? Akanifundisha nije saa nne, akiwa ameshakunywa uji na kuota jua. Nikae kulia kwake, maana sikio la kushoto limekufa. Akisema mvua inanyesha, basi inanyesha, nimuulize tu kama tumeanua nguo. Nisimuage mlangoni, kwa sababu kuagwa kunamtia hofu. Niondoke kengele ya chakula ikilia, wakati mawazo yake yako kwenye sahani. Na zaidi ya yote, nisije na maswali, nije na kazi ya mikono. Aliniuliza baba alikuwa anafanya nini maishani. Nikamwambia nyuki. Akasema, "Basi mletee nyuki."

Jumamosi iliyofuata nilipitia Murungu nikabandua magome laini ya mti, kama yale aliyokuwa akitutuma tukiwa wadogo kwa ajili ya kamba za kufungia mizinga. Nikayalowesha, nikayafunga kwenye mfuko. Nilikaa kulia kwake nikaanza kusokota kamba, vibaya, kama nilivyokuwa nikisokota siku zote. Alinitazama kwa muda. Kisha akaninyang'anya. Mikono yake, kaka, haijasahau hata kidogo. Ile miwili inayohangaika na kifungo cha shati dakika kumi, ilisokota kamba ndefu kuliko benchi tulilokalia, na kila baada ya muda aliivuta kwa nguvu kuona kama inashika. Hakuniuliza mimi ni nani, nami sikumuuliza. Nilipotazama saa nilikuta zimepita saa tatu. Kengele ililia, akainuka na kamba yake begani, akaenda kula.

Tangu hapo nikawa naisubiri Jumamosi kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Siku nyingine nilimpelekea masega, akayabonyeza kwa vidole na kunusa nta mpaka pua ikapakaa. Siku nyingine nilinunua chupa ya asali pale Kasulu sokoni, muuzaji ameniapia kwamba ni ya Kibondo safi. Baba aliweka tone moja ulimini, akafumba macho, akasema kwa utulivu kwamba aliyeniuzia anafuga sukari. Mzee Nkunzimana, jirani yake wa kitanda, alicheka hadi akashikilia ukuta. Huyo Nkunzimana ni Mkristo, alikuwa mkulima kule Kagerankanda, haoni tena vizuri, na baba ndiye anayemshika mkono kwenda bafuni. Baba akipotea njia, Nkunzimana anamwelekeza kwa kuhesabu hatua. Hapo wana mtu mmoja kamili, ndivyo Maximilla anavyosema.

Wazo la mzinga lilitoka kwa baba mwenyewe. Alimwambia Sista mkuu wa nyumba kwamba shamba lao lina maua mengi na hakuna wa kuyachuma. Sista alifikiri ni maneno ya uzee, lakini mimi nilimwambia maneno hayo ni ya kweli. Alikubali kwa sharti kwamba mzinga ukae mbali, ng'ambo ya shamba la mihogo, kwenye mikaratusi ya mpakani. Nilichonga gogo huku Kibondo na baba alilikagua siku nzima, akanirudisha nalo mara moja kwa sababu mdomo wake ulikuwa mpana. Mwezi wa kumi tukautundika. Wazee sita walitoka na viti vyao kutazama kwa mbali.

Siku hiyo ndiyo jambo hili lilipoanza. Nilikuwa nimebeba upande mmoja wa mzinga na mtunza bustani upande mwingine, na baba anatuelekeza kwa fimbo. Akaniambia, "Lukmani, inua upande wako."

Nilimtazama Maximilla. Alitikisa kichwa polepole kunizuia nisimsahihishe. Nikaitika naam, baba. Nikainua upande wangu.

Kuanzia siku hiyo, kaka, Jumamosi mimi ni Lukmani. Nataka nikwambie ukweli, sikuumia. Baba anapozungumza na wewe anakuwa mtu mwingine. Anapiga paja, anacheka, ananitania. Amenisimulia mambo yako ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwamba ulipokuwa na miaka tisa ulipanda mti bila moshi kwa ubishi, ukashuka na nyuki kwenye nywele, ukatembea taratibu mpaka kwake bila kukimbia, ukasema baba nitoe hawa. Kwamba ulikuwa unajua kundi linataka kuhama siku mbili kabla yake yeye. Kwamba alimwambia mama siku moja kuwa huyu atanipita. Kila mtu kwenye nyumba ile anakufahamu. Sista anakufahamu. Mzee Nkunzimana huwa anauliza Lukmani amefika. Umekuwa ukipendwa huko kila wiki bila wewe kujua, na mimi nimekuwa nikipokea kwa niaba yako.

Nyuki waliingia mwezi wa pili, na Jumamosi ya tarehe 14 Juni tukarina asali. Natamani ungekuwepo. Baba alivaa kanzu yake nyeupe kwa heshima ya siku. Tulimweka kwenye kiti kando ya mihogo, mbali na hatari, na akawa anatoa amri kama jemadari: moshi zaidi, punguza, usipumulie mdomoni mwao, acha masega ya watoto. Nyuki mmoja alinipata juu ya kope, jicho likafunga papo hapo, na baba alicheka mpaka machozi, akasema miaka yote hii na bado nasimama upande wa upepo. Tulitoa ndoo moja na nusu, asali nyekundu nzito. Aliionja yeye wa kwanza. Tulisubiri wote, hata masista. Akasema, "Hii ni ubuki," kwa Kiha chetu, yaani asali hasa. Basi watu wakapiga vigelegele, na wahudumu wakaanza kuigawa kwenye chumba cha chakula, kila mzee na kipande chake cha sega na mkate. Walikuwepo mabibi ambao sijawahi kuwasikia wakisema neno, siku hiyo wanalamba vidole na kugombea masega. Mzee Nkunzimana aliimba. Hatukujua kama anaimba.

Sasa, kaka, nimefika kwenye lile ambalo simu ilinishinda.

Wengine walipokuwa ndani wanakula, baba alibaki nje na mimi. Bomba la moshi la kufukizia nyuki lilikuwa bado linafuka chini, karibu na mguu wa kiti. Alilitazama kwa muda mrefu, uso ukabadilika, akanitaka nilizime. Nililizima kwa mchanga. Akanitaka niongeze mchanga. Kisha alinishika mkono wa shati akanivuta karibu, akasema, na nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Lukmani, si wewe uliyechoma banda."

Akaendelea. Alisema kesho yake asubuhi alipokuwa akichokoa majivu alikuta viazi vitamu vitatu vilivyochomwa, pale kwenye kona. Na wewe viazi vitamu hukuwahi kuvitia mdomoni tangu utoto, hata mama akikulazimisha. Akajua ni nani. Lakini alikuwa ameshakupiga mbele ya watu wote, na ameshakwambia usikanyage tena kwake, na majirani walikuwa bado wamejaa uani. Akaona haya kurudi nyuma. Alisema alikufuata mpaka mjini. Alikukuta umeshapanda juu ya lori la kwenda Kahama, umekaa kwenye magunia umempa mgongo. Alisimama nyuma ya ukuta wa soko, akajiambia likiwaka tu ataita. Liliwaka, na hakuita.

Viazi vile vilikuwa vyangu, kaka. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Wewe uliachiwa ulinzi wa banda, ukaenda kisimani kunichotea maji kwa sababu nilisema nina kiu. Mimi nikachukua kaa la moto jikoni nikavichoma viazi ndani, kwa kuwa nje kulikuwa na upepo. Nikasikia wenzangu wanapita na mpira, nikakimbia nao. Niliporudi, moto ulikuwa juu ya paa, na mizinga mipya ya baba yote ilikuwa inaungua. Nilikuona ukipigwa. Nilikusikia ukisema hujui ilivyokuwa. Nilisimama nyuma ya kanga ya mama na sikufungua mdomo, siku ile wala siku nyingine yoyote kwa miaka thelathini na minne. Sijui kama ulijua. Mara nyingine nadhani ulijua, kwa jinsi ulivyoniangalia kabla hujaondoka. Kama ulijua na ukanyamaza, hilo ni kubwa kuliko ninavyoweza kulibeba. Kama hukujua, sasa umejua, na umejua kutoka kwangu. Naomba unisamehe. Nimeandika sentensi hiyo mara nne kwenye karatasi nyingine nikazichana, kwa hiyo naiacha hivyo hivyo.

Baba alipomaliza aliniuliza, yaani alikuuliza wewe, kama umeshamaliza hasira. Alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu mama alipokuwa hai. Ningefanya nini? Nilimwambia, "Zimeisha, baba." Nimesamehe kwa jina lako bila ruhusa yako, na hilo pia naliungama. Ukitaka kulifuta, una haki, lakini njoo ulifute mwenyewe.

Alishusha pumzi ndefu. Kisha akasema, "Na mdogo wako usimchukie. Alikuwa mtoto, na ana moyo mwepesi. Nilimwacha bila kumwambia kwamba najua, nikidhani namhurumia." Nililia, kaka, kwa jicho moja maana lile jingine lilikuwa limevimba. Yeye akadhani ni sumu ya nyuki inaniwasha, akapaka asali kwenye kope yangu kwa kidole chake, akaniambia niache ujinga, twende ndani kabla Nkunzimana hajamaliza mkate.

Ndani alikula vipande vinne. Alikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Wiki hizi tatu Maximilla anasema analala usiku mzima, na anawasalimu wote mwakeye, mwakeye, salamu ya asubuhi, hata kama ni saa kumi jioni. Daktari anayewapitia anasema mwili wake una nguvu, ila hawezi kuniahidi maneno yatabaki naye kwa muda gani. Ndiyo maana nakuomba uje sasa, usingojee Desemba.

Panda basi mpaka Kasulu, mimi nitakupokea stendi. Usiogope kwamba hatakutambua. Huenda atakuita Tamimu, na itakuwa haki. Kaa kulia kwake, mpe magome asokote, na umwache azungumze. Lile la banda anaweza asilirudie kamwe, limeshamtoka. Lakini mengine yapo mengi, na ni yako. Njoo na wanao, hasa yule mdogo unayesema ni mbishi. Wazee wanapenda sana watoto, na Sista haruhusu wageni waondoke bila kula.

Jana nilikwenda kama kawaida. Nilipokaa, baba alinitazama usoni, akalitazama jicho langu, ambalo limepona, akasema, "Tamimu." Jina langu, baada ya mwaka mzima. Akaniuliza Lukmani yuko wapi leo. Nikamwambia yuko Tunduma, na kwamba kesho namwandikia barua. Alifikiri kidogo, akamwita Maximilla, akamuuliza ile asali imebaki kiasi gani. Maximilla akasema imebaki chupa mbili kabatini kwa Sista. Baba akamwambia moja isiguswe na mtu yeyote, hata Sista mwenyewe. Wakaibandika karatasi, na Maximilla akaandika jina lako kwa kalamu nyekundu huku baba amesimama juu yake anahakikisha herufi.

Kisha kengele ililia, akaenda kula.

Adija anasema nimsalimie shemeji Yasmini na nimwambie kitanda cha wageni kina godoro jipya. Salamu kwa watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Nisalimie na majirani zako wa gereji ambao walinipokea vizuri siku zile nilipokuja kwako. Mzee Nkunzimana naye ameagiza salamu. Anasema anataka kusikia sauti ya Lukmani wa kweli. Mwenyezi Mungu akulinde njiani na atukutanishe salama, inshallah.

Ni mimi mdogo wako,

Tamimu Saady